Bi Komeo na Mabawa ya Jumba

Bi Komeo hakuwahi kuwa msimamizi wa kitu chochote maishani isipokuwa sufuria zake, na hizo zilikuwa tatu. Kwa hiyo siku aliyosikia kwamba kwa wakwe watarajiwa yeye ni msimamizi mstaafu wa Jumba, alicheka mpaka akajishika mbavu. Binti yake hakucheka. Binti alikuwa nesi, mtu wa maneno machache na viatu safi, na sasa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha mama yake, akiizungusha pete ya uchumba kidoleni.

"Niliulizwa ghafla, mama. Mama mkwe aliniuliza ulikuwa unafanya kazi wapi, nikasema pale Jumbani. Akauliza, kama nani? Ulimi ukateleza."

"Ukateleza mpaka kwenye usimamizi?"

"Ndiyo."

"Afadhali ulikomea hapo. Ungeteleza kidogo tu tena, ningekuwa mwenye nyumba."

Mambo yangeishia kwenye kicheko kama mama mkwe angekuwa mtu wa kuuliza na kusahau. Lakini huyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na swali kwake halikuisha mpaka apate jibu lenye mfano. Jumba lilikuwa limekarabatiwa baada ya miaka mingi ya kufungwa, bustani yake imekuwa ya umma, na yeyote mwenye tiketi aliruhusiwa kuingia ndani. Harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu. Mama mkwe akatoa wazo: Jumamosi twende sisi wanawake watatu, tufahamiane, na mkwe mwenzangu atuoneshe alipokuwa akisimamia.

Bi Komeo alitafakari. Uongo hakuupenda, wala si kwa sababu ya utakatifu. Uongo unataka kukumbukwa ulivyousema jana, na yeye aliona kichwa chake kina kazi nyingine. Lakini binti huyu alimlea peke yake tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na hakuwahi kumwona akiogopa namna hii, hata siku ya mtihani wa unesi.

"Sikiliza," akasema. "Kwa siku moja nitafunga mdomo. Lakini sitatia neno kwenye uongo wako. Mama mkwe wako akinitajia usimamizi, mimi nitakohoa. Atakavyoelewa ni juu yake."

"Utakohoa?"

"Kikohozi si uongo."

Sasa, ili mtu aelewe kilichotokea Jumamosi, lazima aelewe kazi ya Bi Komeo, na watu wakiisikia kwa mara ya kwanza huwa wanadhani wanataniwa. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga madirisha. Aliingia Jumbani akiwa na miaka kumi na tisa, akatoka akiwa na arobaini na miwili. Jumba lilikuwa na madirisha thelathini na mawili, na kila dirisha lilikuwa na mabawa mawili ya mbao nzito, yaani vile vilango viwili vinavyokutana katikati na kufungwa kwa komeo la chuma. Mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara mzee aliyechukia joto, na chukizo lake kubwa zaidi lilikuwa feni. Basi nyumba ilipozwa kwa mikono. Alfajiri yote yafunguliwe, ubaridi uingie. Jua likigusa upande wa mashariki, upande huo ufungwe. Mchana upande wa mashariki ufunguliwe, wa magharibi ufungwe. Jioni yote yafunguliwe tena, na watu wakienda kulala yote yatiwe komeo. Mvua ikija katikati ya ratiba, ratiba inavunjika na mtu anakimbia. Hivyo ndivyo alivyopata jina lake, na hivyo ndivyo alivyopata magoti yake mabovu.

Halafu kulikuwa na jambo la ukuta. Jumba lilikuwa limezama kidogo upande mmoja zamani sana, kama mtu aliyekaa akiegemea mkono. Hapakuwa na dirisha hata moja lenye pembe zilizonyooka. Seremala wa kwanza, Mungu amrehemu popote alipo, hakubishana na ukuta: alichonga kila bawa kwa dirisha lake, refu hapa, fupi pale, likapinda lilipopinda. Ukilitoa bawa moja ukalipeleka chumba cha pili, linakataa. Bi Komeo aliyajua mabawa yote sitini na manne, na kwa kuwa alikuwa akiongea nayo zaidi ya alivyoongea na watu, madirisha mengi aliyapa majina.

Mzee alipofariki, warithi walifunga nyumba wakatawanyika. Bi Komeo akaenda kupiga pasi nguo za watu, nyumba kwa nyumba, na kwa pasi hiyo binti akasoma mpaka akawa nesi. Hilo ndilo lililomkera zaidi kuhusu usimamizi. Aliona kama vile kazi zake mbili za kweli zimefukuzwa, ikaajiriwa moja ya uongo.

Jumamosi yule mama mkwe, ambaye Bi Komeo alimwita Mkwe tu, alifika na kofia pana na mwavuli, ingawa mbingu ilikuwa safi. Alikuwa mwanamke mrefu, mnyoofu wa mgongo, mwenye tabia ya kungoja jibu huku ameinua nyusi. Waliingia kwa lango kubwa, wakapita bustanini. Majani yalikuwa yamekatwa yakawa sawasawa, mabenchi mapya yamepangwa kando ya njia, watoto walikuwa wanabingirika kwenye mteremko na hakuna aliyewafukuza. Bi Komeo aliitazama bustani kwa furaha isiyo na kificho. Miaka ishirini na mitatu aliiona kila alfajiri kutoka juu, na hakuwahi kuikanyaga ila kwa njia ya jikoni.

"Mkwe mwenzangu," akasema Mkwe, "ulikuwa unasimamia wafanyakazi wangapi hapa?"

Bi Komeo akakohoa.

"Wangapi?"

Akakohoa tena, kwa kirefu.

"Una mafua?"

"Vumbi," akadakia binti.

"Vumbi lipi? Pamefagiwa hadi panang'aa."

Mpaka wanafika ngazi za mbele, Bi Komeo alikuwa amekohoa mara tano, na Mkwe alikuwa amempa peremende mbili.

Ndani walipokelewa na mwongoza wageni, mama mmoja mchangamfu mwenye sauti ya mtangazaji wa redio. Sakafu zilikuwa zimesuguliwa, kuta zimepakwa chokaa nyeupe, na mabawa ya madirisha yamepakwa rangi ya kijani iliyometameta. Bi Komeo alinyamaza, na safari hii hakujilazimisha. Kusema kweli, mafundi walikuwa wameifanyia nyumba haki yake. Alitembea mikono nyuma, kifua mbele, kama mtu aliyerudi kukagua, na kama kuna aliyemwona wakati ule angeuamini usimamizi bila cheti.

Walipopanda ghorofani wakasikia sauti: shwaa, shwaa, shwaa.

Bi Komeo akasimama kwenye ngazi. Sauti ya randa ikikwangua mbao hakuna asiyeijua.

Katika chumba kikubwa, bawa moja lilikuwa limelazwa juu ya vibao viwili, na seremala mnene, penseli sikioni, alikuwa ameinamia ukingo wake. Maranda yalikuwa yamejaa miguuni pake, kijani upande mmoja, na upande mwingine wekundu wa mbao ya zamani.

"Ni marekebisho madogo," akaeleza mwongoza wageni. "Unajua mbao hizi zimekaa miaka, zimevimba. Kumi na moja hazifungi. Mvua iko karibu, kwa hiyo fundi anapunguza kidogo kidogo. Leo jioni mkuu wetu anakuja kukagua, na yote lazima yafunge."

Mbao hazikuwa zimevimba. Bi Komeo aliona mara moja, kutoka mlangoni, bila kugusa. Bawa lile lilikuwa la dirisha la ngazi. Na lile lililokuwa likining'inia kwenye dirisha la kona lilikuwa la chumba cha kulala cha mzee. Walikuwa wameyachanganya! Na sasa mtu huyu mwenye mikono mizuri alikuwa anaikata mbao ya miaka mia ili iingie mahali ambapo haikuzaliwa. Akimaliza, isingefunga kwake tena wala isingefunga vizuri hapa. Kumi na moja leo, na kesho yale ambayo yangekosa wenzao.

Akamtazama binti yake. Binti alikuwa amemtolea macho, na macho yale yalisema yote: mama, tafadhali, wiki tatu tu.

Bi Komeo akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha bure, hakuna aliyekuwa ametaja usimamizi.

Seremala, ambaye kwenye ukingo wa kwanza alikuwa ametoa rangi tu, akageuza bawa, akalipuliza, akaweka randa kwenye ukingo wa pili. Na hapo, kabla hajasukuma, kiganja cha Bi Komeo kilikuwa kimeshatua juu ya mbao.

"Fundi, weka randa chini."

"Shikamoo, mama. Utaumia mkono."

"Marahaba. Weka chini. Hili si la hapa. Hili ni la dirisha la ngazi, upande wa kushoto."

Seremala alikuwa mtu mstaarabu. Akaiweka randa chini, akajifuta jasho. "Umejuaje, mama?"

"Tazama chini hapa, limeongezwa kipande. Dirisha la ngazi lilikuwa linaingiza maji, likaoza, likawekwa kiraka. Nyie mlipoyatoa hamkuyatia namba?"

Seremala akatazama dirishani, akatazama sakafu, akamtazama mwongoza wageni, ambaye ghafla alikuwa anasoma kibao cha maelezo alichokiandika mwenyewe.

"Tulitia," akasema. "Moja hadi sitini na nne. Kwa chaki. Mgongoni."

"Zikaenda wapi?"

"Mafundi rangi walianzia mgongoni."

Mkwe, ambaye miaka thelathini alisahihisha makosa ya watu, akasema taratibu, "Mliandika namba, halafu mkazipaka rangi."

"Na walisifiwa sana kwa kazi ile," akasema seremala kwa uchungu. "Hawakuacha hata doa."

Lakini amri ilikuwa amri, na jioni haikuwa mbali. Seremala akaeleza kwa heshima kwamba mama anaweza kuwa amesema kweli au amefananisha, na yeye hawezi kuzungusha mabawa nyumba nzima kwa kufuata kumbukumbu ya mgeni mwenye tiketi. Mkono wake ukairudia randa.

"Nipe moja," akasema Bi Komeo. "Hili hili. Likikataa dirisha la ngazi, nitakaa pale kwenye benchi na utaranda mpaka uchoke. Likikubali, unanisikiliza."

Hapakuwa na unyenyekevu wowote katika sauti yake, na labda ndiyo maana mtu yule alikubali. Wakalibeba, seremala mbele, binti nyuma, maana binti alikuwa amezoea kubeba wagonjwa na alishika bila kuambiwa, ingawa uso wake ulikuwa umekunjamana. Wakaliteremsha kwenye bawaba. Seremala akasukuma, likagoma.

"Si unaona, mama?"

"Unasukuma kama unafukuza mbuzi. Pisha."

Akaliinua kidogo kwa kiganja, akaweka goti chini ya ubao wa kati, akasukuma kwa goti na kuvuta kwa mkono kwa pamoja. Bawa likaingia kwenye fremu bila kelele, likakutana na mwenzake wa kulia, na komeo likashuka lenyewe. Chumba cha ngazi kikawa giza. Seremala akaguna, akachukua penseli sikioni, akairudisha.

Katika giza lile ikasikika sauti ya Mkwe.

"Mkwe. Msimamizi alijuaje kwamba dirisha hili linataka goti?"

Bi Komeo alilifungua bawa ili waonane. Kikohozi kilikuwa tayari kooni, akakimeza.

"Sikuwa msimamizi. Nilikuwa mfungua madirisha. Miaka ishirini na mitatu, mara tano kwa siku, na mvua ikinyesha mara sita. Baadaye nikapiga pasi nguo za watu. Sijawahi kusimamia mtu."

"Kwa hiyo nimedanganywa."

"Umedanganywa."

"Na mimi ndiye niliyekudanganya," akasema binti. Hakuishusha sauti yake. "Mama alikataa. Ndiyo maana amekohoa tangu getini."

Mkwe aliinua nyusi, akangoja, kama kwamba kulikuwa na sehemu ya pili ya jibu. Uso wake haukuonesha kitu. Binti akaiangalia pete yake kama mtu anayeaga. Bi Komeo alimhurumia, na bado hakujuta, na alishangaa kwamba hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Aliyewaokoa ni seremala. "Wazazi wangu, samahani. Ya kwenu ni mazito na nayaheshimu. Lakini nina mabawa kumi yamebaki na mkuu anakuja jioni. Mama atanionesha, dada atabeba na mimi. Nani atashikilia nikiwa napiga skrubu?"

Mkwe akamtazama kama mwanafunzi aliyechelewa. Kisha akavua kofia, akaitundika kwenye mwavuli, akausimamisha mwavuli kwenye kona.

"Nishike wapi?" akauliza.

Walifanya kazi kwa saa mbili na zaidi. Bi Komeo alitembea mbele, akipapasa kingo, akibisha kwa vidole, akitaja. Hili ni la Mlalamishi, atalia ukimfungua, mwache alie, ndivyo alivyo. Hili ni la Mgonjwa, asisukumwe. Haya mawili ni ya Mapacha, yanafanana kila kitu ila moja lina alama ya sigara ya mgeni mmoja aliyekuwa na adabu mbovu. Na hili, hili ni la Shemeji.

"Kwa nini Shemeji?" akauliza seremala, skrubu mdomoni.

"Kwa sababu anakuja mwenyewe bila kuitwa. Upepo kidogo tu, huyo keshaingia."

Seremala alicheka mpaka akapoteza skrubu. Mkwe, aliyekuwa amemshikilia Shemeji kwa mikono miwili na shavu, alisema kwamba anao mashemeji wawili wa namna hiyo hiyo, na akaombwa asitikisike.

Tisa yakafunga bila kuguswa na randa. La kumi ndilo lililowasimamisha. Lilikuwa bawa ambalo seremala alilimaliza asubuhi, kabla hawajafika. Walilirudisha kwenye dirisha lake la haki, chumba cha mashariki, likaingia vizuri juu na chini, lakini katikati ukabaki ufa wa upana wa kidole, na jua likapita humo likachora mstari sakafuni. Bi Komeo akatia kidole kwenye ufa. Machozi yalimlengalenga na hakujisumbua kuyaficha.

"Hili nimeliharibu mimi, mama," akasema seremala. "Nisamehe."

"Ungejuaje? Namba yake ilikuwa chini ya rangi."

"Nitabandika kipande ukingoni, kwa mbao ile ile. Nimeyahifadhi maranda yote, nitalinganisha rangi. Na haya mengine natia namba sasa hivi, kwa patasi, pale kwenye bawaba ambapo brashi haifiki."

"Fanya hivyo," akasema Bi Komeo, "nami nitakuja kuliangalia."

Alisema hivyo kama mwenye ratiba, na seremala akaitikia kama mwenye bosi.

Walipokuwa wanapumzika sakafuni, migongo ukutani, Mkwe akajipangusa rangi kiganjani na kumgeukia binti.

"Mwanangu, shuleni mtoto akinidanganya sikumpiga. Nilimuuliza swali moja tu. Uliogopa nini?"

Binti aliangalia mikono yake. Jibu lilipokuja lilikuja lote.

"Nilikuogopa wewe."

Nyusi za Mkwe zilishuka. Alionekana, kwa mara ya kwanza siku ile, mtu aliyeulizwa kitu asichokijua. "Basi hilo ni la kwangu kulifanyia kazi," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. Kisha, kwa sababu asingekuwa yeye kama angeacha swali nusu, akamgeukia Bi Komeo. "Na wewe, mkwe? Pale ulipoweka mkono kwenye bawa. Wewe hukuniogopa?"

"Mimi?" akasema Bi Komeo. "Mimi niliogopa randa."

Mkwe alicheka. Lilikuwa cheko kubwa kuliko alivyoonekana kuweza, likazunguka chumba kitupu, na seremala chumba cha pili akauliza kuna nini.

Mwongoza wageni alirudi na daftari la ukaguzi. Mkuu wao alikuwa amefika getini, na lazima iandikwe mabawa yamepangwa upya kwa maelekezo ya nani. Akaandika jina, akasita kwenye nafasi iliyofuata.

"Cheo, mama? Niandike nini? Naweza kuweka mshauri. Au mtaalamu."

Bi Komeo alifungua mdomo, lakini binti alimtangulia. Alikuwa amesimama, sketi yake imejaa vumbi la mbao, pete kidoleni.

"Andika mfungua madirisha," akasema. "Na mbele yake andika kwamba ni mama yangu."

Mwongoza wageni akaandika, na Bi Komeo akasogea nyuma ya bega lake, akasoma neno kwa neno, kuhakikisha kwamba hakuna kilichoongezwa.